Sola Ikizima: Kutafuta Hitilafu ya Umeme wa Betri, Nyumbani na Garini

Kijitabu cha wakazi wa Adumi na madereva wa njia ya Arua–Koboko–Oraba

Taa ikififia saa mbili usiku, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Kesho yake mwenye nyumba anapanda boda hadi mjini Arua, ananunua betri nyingine, anaifunga kwenye nyaya zilezile, na baada ya miezi michache yuko palepale. Betri ndicho kifaa kinachokula fedha nyingi kuliko vyote katika mfumo wa sola, na nyingi hazifi zenyewe. Zinauawa na waya mwembamba, kichwa cha betri kilichoota kutu, kivuli cha mwembe, au mtu aliyetaka kumalizia mpira.

Gridi ya taifa ilifika Arua mwaka 2024. Kabla ya hapo eneo letu la West Nile liliishi kwa majenereta na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, kule Zombo, wenye megawati 3.5. Nguzo hazijafika kila boma, na hata zilipofika umeme hukatika, kwa hiyo paneli zitaendelea kukaa juu ya mabati yetu. Lori linalolala Oraba likingoja kuvuka kwenda Sudan Kusini nalo lina mfumo wa aina hiyohiyo: betri, fyuzi, nyaya na inveta. Dereva anayeishi ndani ya gari wiki nzima ana matatizo yaleyale ya mwenye duka wa Adumi, isipokuwa yake yanatikiswa barabarani.

Mita kwanza, betri baadaye

Mita ndogo ya kupimia volti ni rahisi mno ukiilinganisha na betri. Fundi anayekuja bila mita anakisia, nawe ndiye unayelipia makisio yake.

Weka mita kwenye volti za betri (DC), alama ya 20. Waya mwekundu uguse kichwa cha chanya, mweusi kichwa cha hasi. Pima alfajiri kabla jua halijapiga paneli, vifaa vyote vikiwa vimezimwa kwa saa mbili au zaidi. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 11.8 imekwisha, na kila siku unayoiacha hapo unaipunguzia maisha. Betri za lithiamu ni habari nyingine: volti zake hazibadiliki sana mpaka zikaribie kuisha, kwa hiyo usizihukumu kwa namba hizi.

Pima tena saa sita mchana, jua likiwaka. Betri inayopokea chaji vizuri hupanda hadi 14 na kitu. Ikibaki 12.3 wakati jua linachoma utosi, chaji haifiki, na kununua betri nyingine hakutasaidia lolote. Kama mchana inafika 14 lakini saa moja jioni, kabla hata ya kuwasha chochote, imeshuka hadi 12, hapo ndipo betri yenyewe ina kesi ya kujibu.

Fuata njia ya umeme

Anzia juu ya bati. Paneli inayoitwa ya volti 12 husoma karibu 20 juani ikiwa haijaunganishwa na kitu. Usishtuke, ndivyo ilivyoundwa. Lakini volti pekee hazitoshi kuisafishia jina. Paneli iliyofunikwa nusu na kivuli inaweza kuonyesha volti nzuri na isitoe ampea za maana, kwa sababu seli zake zimefungwa mfululizo na chache zilizo gizani huzibana nyingine. Tawi lililokuwa fupi ulipofunga sola huenda sasa linafunika kona ya paneli kuanzia saa tisa. Kiangazi, kuanzia Desemba, kuna vumbi na majivu ya nyasi zinazochomwa. Ifute paneli asubuhi kwa maji na kitambaa laini, kabla haijapata joto. Hapa kwetu, karibu na ikweta, haihitaji kuinama sana. Mwinamo kidogo tu unatosha mvua iioshe.

Kutoka paneli umeme unaingia kwenye kontrola, yaani kidhibiti cha chaji. Ikiwa paneli ina volti lakini kontrola haionyeshi chaji, kagua kiungo kati ya hivyo viwili, hasa kile kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa nailoni. Unapofungua kontrola, toa nyaya za paneli kwanza, za betri mwisho. Unapofunga, betri itangulie. Kontrola nyingi huungua kwa kupokea paneli bila betri.

Kisha njoo kwenye vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani si urembo. Washa mzigo, weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe na nyingine juu ya kibano kinachokishika. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, umeme unapotelea hapo. Fungua hasi kwanza, halafu chanya, safisha kwa maji ya moto yenye magadi bila kuyaruhusu kuingia ndani ya betri, kausha, kaza, paka grisi.

Sehemu inayotupotezea fedha nyingi ni waya. Chukua kinyozi ambaye inveta yake inavuta ampea 10 kutoka betri iliyo umbali wa mita 10, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Umeme huenda mita 10 na kurudi mita 10, na njiani zinapotea karibu volti 1.4. Betri ina 12.2, inveta inaona 10.8, inaanza kulia na kuzima huku kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi anasema betri mbovu. Dawa yake ni kuisogeza inveta hadi mita moja hivi kutoka kwenye betri, kwa waya mnene, na safari ndefu ifanywe na upande wa volti 240, ambako kazi hiyohiyo inahitaji karibu nusu ampea tu.

Inveta hiyo ina tabia nyingine. Ikiachwa imewashwa bila kazi inaweza kula wati 10, ambazo kwa siku nzima ni wati-saa 240. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ya asidi tunashauri itumike nusu tu, yaani 600. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne inakula 200. Yaani swichi uliyoisahau imekula kuliko televisheni.

Na kontrola ikikata taa saa nne usiku, inailinda betri. Wapo wanaong'oa waya na kuubana moja kwa moja kwenye betri ili Arsenal wamalize kipindi cha pili. Betri ya asidi ikishushwa chini ya volti 11 mara kwa mara, salfeti huganda kwenye bamba zake na haitapokea tena chaji kama zamani.

Lori na gari la kulala

Malori makubwa mengi yana betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo kupata 24. Redio, feni na chaja ya simu ni za 12, basi utingo anabana waya kwenye betri moja tu. Altaneta inayozichaji haijui hilo. Yenyewe hupeleka takriban volti 28 kwa zote mbili kwa pamoja. Ile inayonyonywa hubaki kwenye 12.9 na haijai kamwe, mwenzake husukumwa hadi 15 na kuchemka mpaka maji yakauke. Zinakufa zote mbili, kila moja kwa ugonjwa wake. Pima kila betri peke yake injini ikiwa inanguruma: zikiachana zaidi ya nusu volti, tafuta waya wa wizi. Tumia kigeuzi cha 24 kwenda 12, kisichogharimu hata robo ya betri hizo.

Kwa gari dogo, altaneta nzima huipa betri kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya 13, tazama mkanda kabla ya kuifungua. Na betri ya kuwashia injini si ya kulalia: bamba zake ni nyembamba, zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Anayelala garini afunge betri ya pili, yenye swichi inayoitenga na ya kwanza injini ikizimwa.

Yanayoua

Volti 12 hazikurushi, lakini betri moja ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea na waya huwa mwekundu papo hapo. Katika nyumba ya nyasi hakuna muda wa kuita jirani. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya. Ikiungua, tafuta sababu. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara.

Betri inayochaji hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo isikae chini ya kitanda wala karibu na jiko. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15 bila kukoma, kisha nenda kituo cha afya. Jaza kwa maji ya betri tu, kamwe usijaze asidi wala maji ya kisima, ambayo yana madini.

Volti 240 za inveta zinaua sawa na za nguzo. Aliyeunganishwa na gridi na bado ana inveta au jenereta lazima awe na swichi ya kubadilishia, ili umeme wake usirudi nguzoni kumkuta fundi wa laini aliyeamini pamezimwa. Kazi hiyo mpe fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme (ERA), na uombe kukiona.

Betri iliyokufa kweli usiipasue nyuma ya nyumba. Risasi iliyomo hudhuru ubongo wa watoto, na hukaa kwenye udongo wanaochezea miaka mingi baadaye. Wauzaji wengi hununua betri kuukuu kwa uzito. Ipeleke ikiwa wima, na asidi yake ndani, na si kwenye boda iliyobeba mtoto mbele.