Mdudu Akaaye Ndani ya Povu

Mara nyingi tupitapo majanini wakati wa mvua twaona juu ya bua kitu cheupe chenye vipovu vidogo, mfano wa mate ya mtu aliyetema sasa hivi. Tena iko miti ambayo siku ya jua kali, mbinguni pasipo na wingu hata moja, hutona matone hata ardhi iliyo chini yake ikalowana. Mambo haya mawili huwashangaza watu. Na mahali penye mshangao pasipo uchunguzi, maneno ya kubuni hayakosi kuota. Huko Ulaya wazee waliliita povu hilo mate ya ndege yule atagaye mayai katika viota vya wengine. Wengine walisema ni mate ya chura, au ya nyoka. Kusini mwa Afrika mti mmoja umepewa jina la mti wa mvua kwa ajili ya matone yake. Leo twataka kuonyesha ya kuwa mambo haya mawili yana asili moja, nayo si mate, wala si mvua, wala si uchawi. Ni kazi ya mdudu mdogo.

1. Aliyemo ndani ya povu

Ukilifuta povu polepole kwa kijiti, utamkuta ndani mdudu laini asiye na mabawa, rangi yake ya kijani au ya manjano, kichwa chake kimeelekea chini. Huyu ni mtoto. Mkubwa wake hakai katika povu. Mdomo wake ni kama sindano iliyo na tundu, naye ameuchoma ndani ya bua ili anywe.

Hapo yafaa tujue ya kuwa ndani ya mmea mna njia mbili. Njia moja huchukua chakula kitamu kilichotengenezwa na majani. Njia ya pili hupandisha maji kutoka mizizini. Vidukari, wale wadudu wadogo wa mboga, hunywa katika njia ya kwanza yenye sukari. Mdudu wetu amechagua ya pili, ambayo chakula chake ni haba mno, karibu maji matupu. Kwa hiyo hana budi kunywa mengi sana apate kushiba. Kwa siku moja aweza kupitisha mwilini mwake maji yenye uzito uliozidi mara 150 uzito wake mwenyewe. Mtu wa kilo 60 akitaka kumwiga, angekunywa lita 9,000 toka asubuhi hata asubuhi!

Wala maji hayo hayaji kinywani kwa hiari yao. Majani huyavuta kwenda juu, nayo yamekazwa ndani ya mmea kama kamba iliyovutwa. Anywaye lazima avute kwa nguvu kuliko mmea wenyewe. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza vipimo vyao: mdudu huyu huvuta kwa nguvu ipitayo mara 10 mgandamizo wa hewa inayotuzunguka, yaani sawa na uzito wa maji yaliyosimama kwa kimo cha meta 100.

2. Jinsi povu lifanyikavyo

Maji hayo yakiisha kupita mwilini hutoka kwa nyuma, yakiwa yamechanganyika na kitu cha utelezi. Kisha mtoto huyo hutokeza ncha ya tumbo lake nje, huvuta hewa, na kwa mfereji ulio chini ya tumbo huitia hewa ile katika maji, kipovu baada ya kipovu, mpaka amefunikwa wote. Kwa ncha iyo hiyo hupata pumzi, asife maji ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nyumba hiyo ina faida kubwa. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Pasipo povu jua lingemkausha upesi. Tena humficha, na adui wengi hawapendi kupenya ndani ya povu. Hivyo kile alichokitupa kama taka ndicho kimekuwa ngao yake.

3. Mti unaotona

Katika Afrika wako wadudu wa ukoo huu walio wakubwa, waitwao na wataalamu Ptyelus. Watoto wao hukusanyika wengi pamoja juu ya matawi, na maji wayatoayo ni mengi hata hayawezi kubaki povu. Huanguka chini matone kwa matone. David Livingstone aliwaona wadudu wa namna hiyo katika Angola, na katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1857 alieleza ya kuwa chombo kikiwekwa chini yao jioni, asubuhi hukutwa na painti tatu au nne za maji. Aliondoa gome la tawi ili ajue kama maji yatoka mtini, na matone yasipokoma alidhani ya kuwa wadudu huyapata hewani. Leo imethibitika ya kuwa huyanywa mtini, katika njia ndogo nyingi zilizomo ndani, chini ya gome.

4. Akiisha kukua

Mtoto hujivua ngozi mara kadhaa, na mara ya mwisho hutoka mwenye mabawa, akaacha povu likauke. Uso wake wafanana kidogo na wa chura, naye huruka kama chura, lakini ampita mbali. Mwaka 2003 Malcolm Burrows wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha ya kuwa mdudu wa povu wa Ulaya, mwenye urefu wa milimeta 6 tu, aweza kuruka juu sentimeta 70, akimshinda hata kiroboto.

5. Je, huleta hasara?

Povu lenyewe halina sumu, na wadudu wachache hawauui mmea. Walakini wakizidi hudhoofisha mimea. Wale wekundu na weusi waitwao Locris hunyonya mahindi na mtama. Tena kinywa kipitacho mmea hata mmea chaweza kuchukua ugonjwa. Katika jimbo la Puglia, Italia, mwaka 2013 ilitambulikana bakteria ya Xylella, ichukuliwayo na mdudu wa povu, nayo imeangamiza mizeituni isiyo na idadi. Basi mkulima na amchunguze mdudu, asiliogope povu.

Kwa hiyo mti ukitona wakati wa kiangazi, usikatwe kwa hofu, wala asitafutwe mtu wa kulaumiwa. Na watazame juu matawini. Watawaona wenye kazi. Nanyi walimu, mwaweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama: leteni jani lenye povu pamoja na shina lake, mlitie katika chupa ya maji, mlifute povu kwa upole, kisha mngoje. Mtoto atakayeona kwa macho yake jinsi mdudu anavyojijengea upya, huyo hatadanganywa tena na habari ya mate ya nyoka.