Takwimu za watoto Ukambani: nani huhesabiwa, nani huachwa nje

Mkazi wa Mutomo au wa Wote akitaka kujua kaunti yake ina watoto wangapi wanaohitaji msaada, atapewa nambari tofauti katika kila ofisi atakayoingia, na huenda zote zikawa sahihi. Kila ofisi huhesabu kitu chake. Ajuaye ni nini kilichohesabiwa hatababaishwa na nambari hizo, iwe anaandika ombi la basari au anamuuliza mwakilishi wadi maswali barazani.

Tuanze na sensa. Mwezi Agosti 2019 Shirika la Taifa la Takwimu lilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Makarani waliuliza pia kama baba na mama mzazi wangali hai, na majibu hayo ndiyo yanayotupa hesabu ya mayatima. Sasa mfikirie mtoto ambaye baba yake yuko Mombasa, mama yuko Athi River, na kwa miaka wala baba wala mama hajatuma hata pesa ya sare. Analelewa na nyanya yake Kibwezi. Kwa sensa huyo si yatima. Watoto wa namna hii si wachache Ukambani, na mtu anayepanga huduma kwa kutazama safu ya mayatima peke yake atawaruka wote.

Sheria huwaona. Sheria ya Watoto ya 2022, katika kifungu cha 144, inataja mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi kwa upana zaidi: aliyetelekezwa, anayeombaomba, ambaye mzazi wake amefungwa, anayefanyishwa kazi ya kumdhuru, anayelazimishwa kuolewa, aliyedhulumiwa kingono, na wengine. Kijana anayepakia mchanga mtoni wakati wenzake wako darasani anaingia humo, hata kama wazazi wake wote wako hai na wanaishi naye.

Kuna pia utafiti wa afya ya jamii, unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa. Ule wa 2014 ulionyesha kwamba Kitui takriban asilimia 46 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 26. Utafiti wa 2022 ulikuta kiwango cha taifa kimeshuka hadi asilimia 18. Nambari hizi ni za sampuli ya kaya. Zinaweza kusema jambo kuhusu kaunti, lakini haziwezi kukuambia hali ya Ikutha ikilinganishwa na Kyuso. Anayekutajia asilimia ya wadi kutoka utafiti huo amejitungia.

Nambari zinazosomwa vibaya kuliko zote ni zile za kesi. Idara ya Huduma za Watoto huandika kesi zinazofikishwa kwa maafisa wake, na nyingi huwa za utelekezaji, mzazi kukataa kutunza mwanawe. Kesi zikiongezeka, magazeti hulia kwamba maadili yameporomoka. Huenda ofisi imepata afisa mpya tu, au wazee wa vijiji wamefunzwa kuripoti. Kitui ina kilomita za mraba zipatazo 30,000, na mtu wa Tseikuru au Ngomeni anahitaji nauli kabla ya kuhitaji haki. Kwangu mimi, kaunti ndogo yenye kesi chache sana ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza.

Mpango wa pesa kwa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004 na sasa uko ndani ya Inua Jamii, huhesabu kaya. Kaya hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, iwe na mtoto mmoja au sita. Idadi ya wanaolipwa hufuata bajeti, kwa hiyo haipimi ukubwa wa shida. Na wapo wasioingia vizuri katika safu yoyote: Nyumbani Village, karibu na Kwa Vonza, iliyoanzishwa na padri Mjesuiti Angelo D'Agostino kwa ajili ya mayatima wa Ukimwi, huwalea watoto katika nyumba ndogo ndogo, kila moja ikiwa na nyanya wake. Ni taasisi au ni familia? Jibu lina uzito, kwa sababu mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao na kurudi kwa jamaa.

Ili mtoto aonekane kwenye rekodi, karatasi ndizo mwanzo. Kuzaliwa kuandikishwe kabla ya miezi sita kupita. Aliyezaliwa nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu. Mzazi akifa, chukueni kibali cha mazishi kisha mfuate cheti cha kifo, maana nyanya wengi hukwama hapo miaka mingi baadaye. Mlezi awe na kitambulisho. Na majina ya kaya za mpango wa pesa yanaposomwa barazani, nenda, hata kama lako halimo. Hapo ndipo aliyesahaulika hutajwa na jirani.

Kesi ya dhuluma ipelekwe kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kwa polisi, au kwa simu 116, isiyolipishwa, mchana na usiku. Mtoto akinajisiwa, hospitali kwanza: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, na nguo zisifuliwe. Jambo hilo halimalizwi nyumbani kwa kulipana mbuzi.

Ukitaka nambari za kaunti yako, ziombe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na asiyeweza kuandika husaidiwa na afisa. Uliza kwa umahususi: ni nini kilichohesabiwa, mwaka gani, katika kaunti ndogo ipi. Usiombe majina ya watoto, hayo hulindwa. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman.