Upendeze kwenye simu ya video bila kuharibu ngozi yako

Shule nyingi nchini haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo somo hili ni la likizo. Shule imefungwa, umerudi nyumbani Kongwa, Mpwapwa au Chamwino. Dada yako aliyeko masomoni mbali anapiga simu ya video, anataka kukuona. Au umemaliza kidato cha nne na umeambiwa usaili utafanyika kwa video. Unawasha kamera, unajitazama, unashtuka: "He! Mbona nimekuwa hivi? Na hii pua je?"

Subiri kwanza! Kabla hujaulaumu uso wako, ijue kamera.

KAMERA INAKUDANGANYA

Kwanza, umbali. Kitu kilicho karibu zaidi na kamera huonekana kikubwa zaidi. Ukishika simu karibu na uso, pua ndiyo iliyotangulia mbele, basi inaonekana kubwa na masikio yanarudi nyuma. Madaktari wa Marekani walipiga hesabu hiyo na kuichapisha mwaka 2018: picha ya umbali wa sentimita 30 hivi huonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo. Ukisogea mita moja na nusu, udanganyifu huo unakwisha.

Pili, mwanga. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, kisha hujirekebisha. Ukikaa na dirisha nyuma yako, kamera inaona mwanga mwingi, inaupunguza, na uso wako unabaki kiza. Hata shati jeupe la shule na ukuta mweupe vinaweza kuleta shida hiyohiyo.

Je, wajua? Shida hii ni ya zamani. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita, maabara za kusafisha picha za rangi zilikuwa na kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hiyo iliitwa Shirley, na ndiyo iliyotumika kupima kama rangi zimetoka sawasawa. Watu weusi wakawa wanatoka gizagiza kwenye picha. Kosa halikuwa la ngozi zao. Kosa lilikuwa la kipimo!

FANYA HIVI

1. Kaa ukitazama dirisha au mlango ulio wazi, mwanga ukupige usoni. Usikae juani. Jua la saa sita mchana liko utosini, linatia vivuli chini ya macho na kukufanya ukunje uso.
2. Egemeza simu juu ya vitabu, ilingane na macho yako, mbali kadiri ya urefu wa mkono au zaidi. Ikiwa chini, watu wataona kidevu na matundu ya pua.
3. Vaa nguo safi ya rangi ya kawaida. Bluu au kijani ni nzuri kuliko nyeupe inayometa.
4. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Vumbi la Dodoma halina adabu, na alama za vidole hutia ukungu kwenye picha.
5. Unapoongea, tazama kamera, siyo picha yako mwenyewe.
6. Upepo ukivuma, funga dirisha la upande unakotoka ili sauti yako isikike.

Kama una ualbino, mwanga mkali huumiza macho na ngozi yako. Kaa ndani, mbali na jua la moja kwa moja, na rudisha simu nyuma kidogo. Usione haya kumwambia unayeongea naye kwamba mwanga unakusumbua.

USO SAFI NI AFYA

Sasa tuje kwenye uso wenyewe. Hapa kwetu kanda ya kati kiangazi ni kirefu, maji ni shida na vumbi ni jingi. Trakoma, au vikope, ni ugonjwa wa macho unaoenezwa na vidole, nguo na nzi wanaotua kwenye macho yenye tongotongo. Ukimrudia mtu mara nyingi, kope hupata makovu na kujikunja ndani, zinakwaruza jicho, na mwisho wake ni upofu.

Wilaya ya Kongwa inajulikana duniani kwa jambo hili. Watafiti walifanya kazi katika vijiji sita vya huko, na matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Baada ya watoto kupewa dawa, vijiji vitatu vilihamasishwa pia kuosha nyuso za watoto. Watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Na uso hauhitaji ndoo nzima ya maji! Kikombe kimoja kinatosha.

Kwa hiyo nawa uso asubuhi na jioni. Usiazimane taulo wala wanja na rafiki yako, hata kama mmeshibana namna gani. Chunusi usizitumbue, zitaacha makovu. Midomo ikikauka usiilambe, maana mate yakikauka huzidisha mipasuko. Paka mafuta ya mgando kidogo.

MTEGO WA MKOROGO

Kijana akishajiona mweusi kwenye simu, kuna mtu atamnong'oneza: "Paka hii wiki mbili tu, utang'aa." Hapo ndipo hatari ilipo.

Mkorogo ni mchanganyiko wa krimu za kujichubua. Mara nyingi ndani yake mna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mabaka meusi ya kibluu ambayo ni vigumu kuyaondoa. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, yenye michirizi na chunusi, na fangasi hupata nafasi. Tena unapoondoa weusi unaondoa kinga yako, maana weusi huo ndio unaokukinga na jua kali la huku uwandani. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, lakini bado vinauzwa kwa kificho.

Umeshaanza kutumia? Usijifiche. Nenda kituo cha afya na kopo lako ulionyeshe. Kuacha steroidi ghafla kunaweza kuwasha ngozi na kuleta vipele, ndiyo maana mganga anatakiwa kukuongoza.

Na zile programu za simu zinazolainisha na kung'arisha sura? Kuchezea siyo kosa. Ila ukianza kuichukia sura yako halisi, zima, na uongee na mtu unayemwamini.

UNAYEMPENDEZEA NI NANI?

Simu ya video inaweza kurekodiwa bila wewe kujua. Mtu akikuambia uvue nguo, hata kama anakuita mchumba na kukutumia vocha, kata simu! Picha ikishatoka hairudi. Akikutisha kwamba ataisambaza, usimtumie pesa wala picha nyingine. Hifadhi ujumbe wake na mwambie mzazi au mwalimu mlezi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za ngono za watoto, yaani wote walio chini ya miaka 18. Unaweza pia kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

JIPIME

1. Halima amekaa na dirisha nyuma yake, uso unaonekana kiza. Anunue krimu au ageuze kiti?
2. Juma anaona pua yake ni kubwa kwenye simu. Afanye nini?
3. Rafiki anaomba wanja wako. Utamjibuje bila kumwudhi?

Majibu: (1) Ageuze kiti, ni bure na hakina madhara. (2) Aisogeze simu mbali. (3) Jadilianeni darasani. Jibu zuri ni lile linalolinda macho na urafiki pia.

Likizo njema, na uso wako uupende!