Karoti haina kosa, mwanangu

Shangazi, mimi ni mke wa mkulima hapa Rhotia, Karatu. Tuna mbwa wetu, Chui, ambaye usiku nguruwe pori wakitoka msituni yeye ndiye anatuamsha. Mwezi uliopita rafiki yangu anayepika kwenye loji alinifundisha kutengeneza biskuti za mbwa kwa mboga. Nilichemsha boga, nikakwangua karoti, nikatia unga, na ili zinukie nikakatakata vitunguu vidogo vilivyobaki kwenye gunia la Mang'ola. Chui alizifurahia mno. Siku tatu mfululizo nilimpa bakuli zima. Siku ya nne alitapika, akawa analala tu, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Baba watoto anasema ni jirani aliyemtegea sumu kwa sababu ya ugomvi wetu wa mpaka, na sasa hawasalimiani. Mama mkwe anasema mbwa hapikiwi, karoti ni za sungura. Mimi nimenyamaza. Leo ni siku ya sita tangu augue. Ameanza kula kidogo, ila bado amelegea. Naogopa ni mimi. Nifanyeje? – Mama Wawili, Rhotia.

Mwanangu, kabla ya mengine yote, mwite Chui, mkalishe penye mwanga, umfunue mdomo wa juu. Ufizi wa mbwa mzima una rangi ya waridi; ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Ukiukuta mweupe au wa manjano, au anahema kwa kasi huku amelala, acha kusoma hapo hapo umtafute daktari wa mifugo. Ukiukuta mzuri, kesho asubuhi apelekwe vilevile. Mkojo wa rangi ya chai si jambo la kusubiri lipite.

Kwa dalili ulizoniandikia, nashuku kitunguu. Ndani ya kitunguu mna kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chembe zinapasuka, rangi yake inatokea kwenye mkojo, na mnyama anabaki bila damu ya kutosha kubeba hewa mwilini. Ndiyo maana analala. Na haionekani siku ileile: inaweza kuchukua siku moja, mbili, hata zaidi, na wakati huo wewe umeshasahau alikula nini. Kwa mbwa wa kilo 15, vitunguu vya gramu 225 hivi, yaani viwili vya kawaida, vinatosha kumdhuru. Na kidogo kidogo cha siku tatu kinajumlishana. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, kukaanga hakuondoi, kukausha hakuondoi. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Majani ya vitunguu nayo ni yaleyale.

Lakini sijamwona Chui, na kuna ugonjwa wa kupe unaoleta mkojo wa rangi hiyo hiyo na ufizi mweupe. Tiba yake ni tofauti kabisa na ukicheleweshwa unaua. Kwa hiyo daktari achukue tone la damu aliangalie kwa darubini, na umweleze yote, vitunguu vikiwemo, bila kuona aibu. Usimnyweshe maziwa ukidhani yanakata sumu. Na nakuomba sana, usimpe panadoli: kwa mbwa nayo huharibu damu, utakuwa umeongeza jeraha juu ya jeraha. Ikiwa ni kitunguu peke yake na kimeshakoma, mwili wake utatengeneza damu nyingine ndani ya wiki chache. Apumzike, asifungwe juani, maji yawe karibu.

Sasa hilo lililokufanya uandike. Mwambie mumeo leo, watoto wakishalala. Usimwambie "nadhani", mwambie ulitia vitunguu, ulimpa siku tatu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa. Nyumbani kwetu, nikiwa darasa la tano, mbwa wetu alikufa hivyo hivyo, ufizi mweupe kama chokaa. Kila jioni alikuwa anamaliziwa mabaki ya makande na rojo lake lote la vitunguu, na siku mbili kabla ya kuugua alipewa sufuria nzima iliyobaki kwenye msiba. Marehemu baba alisema ni sumu ya jirani. Yule mzee aliishi nasi ua kwa ua miaka mingi baadaye, na sikumbuki siku hata moja baba alimwitikia salamu. Nilikuja kujua habari ya vitunguu nikiwa mtu mzima, wote wawili wameshazikwa. Usiache jambo lako lifike huko. Ugomvi wa mpaka una baraza lake. Huu wa sumu unaweza kuufuta wewe kwa sentensi tatu.

Hukufanya ubaya, mwanangu. Hakuna aliyekufundisha, na huyo rafiki yako pengine hakujua kwamba utaongeza kitu. Karoti haina kosa, boga halina kosa. Ndiyo maana sitaki uache kutengeneza biskuti zako, ila subiri Chui apone kwanza. Mimi huzitengeneza hivi. Boga nalichemsha kwa maji kidogo sana, nalimenya, naliponda mpaka lilainike, kikombe kimoja. Karoti moja iliyokwanguliwa. Yai moja. Kisha unga wa ngano au dona kidogo kidogo hadi donge liache kunata mkononi. Sitii chumvi, sitii sukari, wala hamira, kwa maana donge bichi lenye hamira huumuka ndani ya tumbo la mbwa. Nasukuma kama chapati nene, nakata vipande vya upana wa vidole viwili. Kama huna oveni, tandika mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka sahani ya bati juu yake, panga vipande, funika, kisha palia makaa juu ya mfuniko, na chini moto uwe mdogo. Zikianza kunukia boga la kuchoma, funua uzigeuze. Ziache zikauke hasa. Yenye unyevu ndani inaota ukungu siku ya pili, na baridi ya Karatu unaijua.

Ukitaka zisizo na unga kabisa, waige Wasukuma wanavyofanya matobolwa: viazi vitamu vinachemshwa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juani. Mbwa atakitafuna kipande kimoja robo saa nzima. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani usitie. Maharage mabichi usitie. Kama ni maharage basi yaive sawasawa. Kokwa la parachichi lisibaki uani, linaziba utumbo. Na kwa kuwa Karatu ni nchi ya kahawa, buni na machicha ya kahawa viwe mbali naye, moyo wa mbwa hauvimudu.

Unga nao uwe ule mnaokula ninyi. Naona watu wanampa mbwa dona la mahindi yaliyovunda kwa kuwa hayafai kwa watoto. Sumukuvu inaua ini la mbwa kama inavyoua la mtu, na mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, huo wa pili jirani yenu kabisa. Mahindi yenye ukungu hayana wa kupewa.

Kosa la pili lilikuwa bakuli zima. Biskuti ni za kumfurahisha, hazishibishi. Katika chakula chake cha kutwa, zisizidi sehemu moja ya kumi. Kilichobaki kiwe ugali wake na kitu chenye nguvu: dagaa, yai, maini yaliyoiva. Nasema yaliyoiva kwa sababu mapafu na maini mabichi ya kondoo yanamwambukiza mbwa minyoo ambayo mayai yake yakimfikia mtu humfanyia uvimbe wa maji kwenye ini, na wafugaji wa upande wa Ngorongoro wanaufahamu uvimbe huo.

Mama mkwe usibishane naye, anasema alichokiona. Ila siku akiwa na nafasi mweleze kwamba mwaka 2013 wataalamu wa Uppsala, Uswidi, walionyesha kuwa mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa Ulaya, amepata uwezo wa kusaga wanga tangu alipoanza kuishi na wakulima. Boga la shambani kwenu si chakula kigeni kwake. Halafu mpe yeye ndiye amrushie Chui kipande cha kwanza.

Kuna zawadi moja kubwa kuliko biskuti, nayo hukuitaja kwenye barua: chanjo. Msitu wanakotoka nguruwe wenu umeungana na nyanda za juu za Ngorongoro, na Chui akiwafukuza anakutana na mate na kinyesi cha wanyama wa huko, nao wanakutana na vyake. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, uliua simba kama 1,000 wa Serengeti, theluthi moja ya wote. Ulitoka kwa mbwa wa vijijini kama Chui. Mwaka 2001 ukawakuta simba wa ndani ya kreta ya Ngorongoro. Kichaa cha mbwa hakihitaji maelezo. Mtoto akishaanza kuonyesha dalili, hapati kupona. Daktari atakwambia Chui atakuwa na nguvu za kuchanjwa lini, baada ya damu yake kurudi.

Siku hiyo ikifika, kumbuka kwamba chanjo ya kichaa mara nyingi huja kwenye kichupa cha mbwa kadhaa, na kikishafunguliwa hakiwekwi. Mumeo aende mwenyewe kwa jirani, abishe hodi, amwambie afisa mifugo anakuja asubuhi, alete na mbwa wake.