Bayasi Haiwekwi kwa Haraka ya Barrière

Meza yangu iko karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi, upande wa Gisenyi. Amplifaya zinazovushwa kutoka Goma ni Sansui, Pioneer na Marantz za miaka ya 1970, na nyingi zimeshachezewa na mtu aliyetaka "kuirekebisha kidogo tu". Mwenyewe husimama mlangoni akitazama saa.

Bayasi ni umeme mdogo unaopita kwenye tranzista za mwisho hata kama muziki haupigwi. Ukipungua, sauti ya chini inakwaruza. Ukizidi, tranzista zinachemka hadi kufa. Kinobu chake ni kidogo kama punje ya mahindi.

KABLA YA KUWASHA: FANYA

Tafuta kitabu cha ufundi cha modeli hiyohiyo. "Ya jirani ilikuwa milivolti 10" si kipimo.

Soma volti zilizoandikwa nyuma. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, na ukuta wetu una 230. Moja ilichomekwa mbele yangu; transfoma ilinuka kabla mwenyewe hajaondoa mkono.

Safisha. Vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Goma hulala kwenye mabati ya kupozea kama blanketi. Tena hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa na inapoza kidogo.

Badilisha kinobu cha bayasi kilicholiwa na kutu. Ulimi wake ukipoteza mguso, katika saketi nyingi bayasi hupanda mpaka mwisho na tranzista zinakwenda. Za asili hazitengenezwi tena, na dukani utauziwa bandia.

Unga balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, mfululizo na umeme. LED haifai. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Ikibaki iking'aa, zima: kuna shoti. Ukishajua ni salama, ondoa balbu. Bayasi iliyopimwa na balbu ni ya uongo.

KABLA YA KUWASHA: USIFANYE

Usiguse kapasita kubwa eti umeshachomoa waya. Zina chaji bado. Imwage kwa resista, pima, ndipo uingize mkono. Mambo ya bisibisi na cheche ni ya kuwafurahisha watoto. Amplifaya ya valvu (taa za kioo badala ya tranzista) inabeba volti 400 na zaidi, na hiyo haikupi nafasi ya kujuta.

Usiache spika kwenye amplifaya ya tranzista. Ukikosea, zinaungua pamoja nayo. Ya valvu ni kinyume: lazima iwe na spika au resista ya mzigo, la sivyo unaua transfoma ya sauti. Usizichanganye hizi mbili.

IKIWA INAWAKA: FANYA

Funga klipu za mita kwenye miguu ya resista ya emita ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Sauti iwe sifuri. Resista ikiwa ya omu 0.47 na mita ikasoma milivolti 10, zinapita miliampia 21 hivi.

Kisha kaa. Nusu saa nzima. Juzi niliwasha moja, ikasoma 6. Mwenyewe akaniambia, "Fundi, ipandishe ifike 10, niende." Sikuigusa. Dakika ya kumi ilisoma 8, ya ishirini na tano ikafika 11. Ningemsikiliza, ingefika 15 au zaidi akiwa ameshavuka, amefunga kifuniko na kuweka kitambaa cha maua juu yake.

Geuza kinobu kidogo, subiri namba itulie, geuza tena. Nenda chaneli ya pili, kisha rudi ya kwanza, joto limeshaisogeza.

Mwisho, pima volti za DC kwenye matundu ya spika. Zikizidi milivolti 50, usirudishe spika.

IKIWA INAWAKA: USIFANYE

Usipime kwa ncha tupu za mita. Mkono ukiteleza kati ya miguu miwili ya tranzista utasikia "tak", na kazi imeisha.

Usiguse kinobu usichokijua. Cha bayasi na cha usawa wa DC hukaa jirani na hufanana. Weka alama kwa kalamu kwanza.

Usipandishe bayasi ukitafuta nguvu. Haiongezi wati hata moja. Valvu ya EL34 inavumilia wati 25. Ipe asilimia 70, yaani miliampia 40 kwenye volti 430. Bati la ndani likianza kuwa jekundu, zima sasa hivi, usiite watu waje kuona.

Na usiniambie barrière inafungwa. Vuka wewe, ndugu yangu. Yenyewe italala hapa.