Mbio za Sikukuu na Rekodi Yako Mwenyewe

Tarehe 31 Desemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Silvestri, Papa aliyefariki mwaka 335. Siku hiyo mjini São Paulo, Brazil, hufanyika mbio za barabarani zenye jina lake, São Silvestre, zilizoanza mwaka 1925. Zamani zilikimbiwa usiku. Siku hizi hukimbiwa asubuhi. Paul Tergat wa Kenya alizishinda mara 5, na mwaka 1995 alimaliza kilometa 15 kwa dakika 43 na sekunde 12. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2019, Kibiwott Kandie, naye wa Kenya, alipotumia dakika 42 na sekunde 59, akimpita Jacob Kiplimo wa Uganda karibu kabisa na utepe.

Nyuma ya mabingwa hao hukimbia maelfu ya watu wasiotafuta zawadi. Kila mmoja anashindana na saa yake ya mwaka uliopita. Ni lengo zuri, na hata mama wa miaka hamsini aweza kulifikia, mradi ajiandae.

Yafaa ieleweke kwamba rekodi hupatikana miezi kabla ya siku yenyewe. Moyo uliozoezwa polepole husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, lakini mabadiliko hayo huhitaji wiki nyingi. Hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hujaondoka kitandani. Ukiona yamepanda kuliko kawaida yako, huenda mwili haujapumzika au ugonjwa unakuja. Siku hiyo usifanye zoezi zito.

Siku ya mbio, kosa kubwa ni kuanza kwa kasi. Pale São Paulo njia huteremka mapema, watu wakajiona wana mabawa, kumbe karibu na mwisho unawangoja mlima wa barabara ya Brigadeiro Luís Antônio. Anayetaka kumaliza kilometa 15 kwa dakika 90 anahitaji dakika 6 kwa kila kilometa. Akiikimbia ya kwanza kwa dakika 5, atailipa mlimani. Nusu ya kwanza ikimbie ukiwa bado unaweza kusema sentensi fupi.

Sikukuu ina mitego yake. Pombe ya usiku huharibu usingizi na kupoteza maji mwilini. Pilau na nyama vingoje hadi baada ya mbio. Asubuhi kula chakula chepesi, kama mkate au uji, saa 2 au 3 kabla. Kunywa maji kwa kadiri ya kiu. Wengine hujilazimisha kunywa lita nyingi wakidhani ni usalama, kumbe maji yakizidi hupunguza nguvu ya chumvi katika damu, na mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa na hata kupata degedege.

Usimeze diclofenac wala ibuprofen ili kuzuia maumivu kabla ya kukimbia. Dawa hizi, zikikutana na jasho jingi, zaweza kudhuru figo. Mwenye homa asikimbie kabisa, hata kama amekwisha kulipia namba ya kifuani, kwani baadhi ya maambukizi hushambulia msuli wa moyo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenclamide amwone daktari mapema, na siku hiyo abebe sukari mfukoni.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au moyo kwenda ovyo: simama, omba msaada. Ukimwona mwenzako anapepesuka, anasema maneno yasiyoeleweka na mwili ni wa moto, mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima na kumpepea huku gari likitafutwa. Usingoje afike hospitali ndipo apoozwe.

Ukivuka utepe, hata kama umeivunja rekodi yako, usisimame ghafla. Damu nyingi bado iko miguuni, na wengi huanguka hapo hapo wakishangilia. Tembea dakika 10, ndipo ukae.