Dondoo muhimu: Kunukuu kesi kwa programu ya Zotero

Kwa wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na yeyote anayeandika utafiti wa sheria:

• Unapoingiza hukumu, chagua aina ya rejeo kuwa kesi, si kitabu wala tovuti. Ukikosea hapo, vituo na mabano yote yatavurugika.

• Kagua mwaka. Attorney-General v Lohay Akonaay iliamuliwa na Mahakama ya Rufani Desemba 1994, lakini imechapishwa katika Tanzania Law Reports (TLR) ya 1995, ukurasa wa 80. Rejeo lake ni [1995] TLR 80. Basi jaza 1995, na tarehe ya hukumu iweke kwenye maelezo ya ziada.

• TLR hutambulika kwa mwaka, hivyo kisanduku cha juzuu kiache wazi.

• Kesi haimo kwenye TLR? Tafuta rejeo lake kwenye tovuti ya TanzLII: mwaka ndani ya mabano ya mraba, TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, kisha namba ya hukumu.

• Kabla ya kuwasilisha kazi, linganisha kila rejeo na hukumu yenyewe na mwongozo wa chuo. Programu hupanga tu. Kuhakiki ni kazi yako.